Anza na pakiti ya karata: jibu kwa mwenzetu anayetaka kukusanya vitu vya zamani vya Nintendo

Ndugu uliyeuliza kwa nini baadhi yetu hutoa fedha zetu kununua vitu vya zamani vya Nintendo, kampuni ya Kijapani ya michezo ya video, na ukaomba uelekezwe mtu mwenye kipato cha kawaida aanzie wapi, naomba nikujibu kwa kirefu, kwa sababu swali hilo hilo niliwahi kuliuliza mimi mwenyewe nikapewa majibu mafupi yaliyonitia hasara. Jibu langu ni kwamba usianze na sanamu za Mario, yule mhusika wa michezo yao, wala fulana, wala vikombe vyenye nembo. Anza na pakiti moja ya karata, halafu uje kwenye mitambo.

Nilikulia Tanga miaka ya tisini. Mtaani kwetu nyumba yenye "TV game" ilikuwa moja tu, ya mjomba wangu aliyekuwa fundi redio, naye aliuleta mtambo ule kutoka Dar es Salaam ukiwa ndani ya boksi lenye picha za ndege za kivita. Jina la Nintendo halikuandikwa popote. Kaseti yake ya njano ilijinadi kuwa na michezo mamia, lakini tulipoihesabu tulikuta ni ile ile kumi na kitu ikijirudia kwa majina tofauti. Humo ndimo nilimokutana na Mario, na humo ndimo nilimowinda bata kwa bunduki ya plastiki, na kwa miaka mingi niliamini kwamba vyote hivyo vilibuniwa na watu waliochapa lile boksi.

Kumbe mtambo ule ulikuwa nakala ya Famicom, ambayo Nintendo iliitoa Japani tarehe 15 Julai 1983 kwa bei ya yen 14,800, ikiwa imesanifiwa na mhandisi Masayuki Uemura pamoja na wenzake. Famicom haikuwa na chipu ya ulinzi. Ilipopelekwa Marekani mwaka 1985 kwa jina la NES, ndipo ilipowekwa chipu moja ndani ya mtambo na nyingine ndani ya kila kaseti, zikawa zinaulizana na kujibizana, na jibu lisipopatikana mtambo unajizima na kujiwasha bila kukoma. Kaseti nazo zikabadilishwa umbo: ya Kijapani ina pini 60, ya Kimarekani ina 72. Wanakili waliingia kwa mlango usio na kufuli, na ndiyo sababu kaseti tulizokuwa tukizipuliza vumbi huku kwetu zilikuwa za pini 60. Kwa maneno mengine, mtoto wa Tanga au Mombasa alikuwa anacheza mtambo wa mtoto wa Kyoto, Japani, si wa mtoto wa New York, ila hakuna aliyemwambia.

Kaseti ile ya njano ninayo hadi leo. Siku nilipoifungua nilikuta kibao cha saketi kisichojaza hata nusu ya ganda, na katikati yake tone jeusi la gundi iliyokauka, kama lami iliyodondoka, ambalo chipu imezikwa chini yake. Nikaiweka mezani kando ya kaseti halisi ya Super Mario Bros. ya mwaka 1985, yenye chipu mbili nyeusi zilizolala sambamba na miguu yao imepigwa lehemu mguu kwa mguu. Mchezo mzima humo ni kilobaiti 40, yaani 32 za programu na 8 za picha. Picha moja tu unayopiga kwa simu yako huizidi hiyo mara nyingi. Ili nafasi itoshe, wabunifu walitumia mchoro mmoja kwa wingu na kwa kichaka, wakabadilisha rangi tu, nyeupe ikawa wingu na kijani ikawa kichaka. Niliucheza mchezo huo tangu utotoni bila kuligundua jambo hilo, na siku nilipoligundua niliita watu wa nyumbani waje waangalie.

Sasa turudi kwenye karata, maana ndiko jambo lenyewe liliko. Kampuni hii haikuzaliwa na umeme. Fusajiro Yamauchi aliianzisha Kyoto mwaka 1889, akitengeneza karata za hanafuda, yaani karata za maua, kwa karatasi iliyotokana na magome ya mforosadi. Pakiti moja ina karata 48, nne kwa kila mwezi wa mwaka, na kila mwezi una mmea wake: msonobari wa Januari, maua ya mcheri ya Machi, na kadhalika. Hazina namba. Anayecheza anapaswa kuujua mwezi kwa kuutazama mmea. Ni ndogo kuliko karata tulizozizoea, nene, na zikigongwa mezani hutoa mlio mkavu unaopendeza sana.

Hapa ndugu yangu naomba usome taratibu. Wajapani huziita karata "karuta". Sisi tunasema "karata". Maneno yote mawili yametokana na neno moja la Kireno. Wareno walifika Mombasa na Malindi mwaka 1498, na mwaka 1543 wakafika Japani, na kote huko waliacha karata zao. Kwetu majina yake yamebaki karibu kama walivyoyataja: kopa, uru, pau, shupaza. Kule Japani, watawala walipozipiga marufuku karata za kigeni kwa sababu ya kamari, watu waliendelea kubuni nyingine zenye sura tofauti kila zilipokatazwa, mpaka namba zikatoweka kabisa na maua yakashika nafasi yake. Hanafuda ni mjukuu wa marufuku hizo. Kwa hiyo mzee anayegonga shupaza barazani Pangani na kampuni iliyotuletea Mario wana babu mmoja. Mimi nilipolitambua hilo niliacha kuiona Nintendo kuwa kampuni ya mbali.

Pakiti yangu niliipata kupitia mtoto wa shangazi yangu aliyekuwa akisoma Kobe, Japani. Ni ya aina ya Daitoryo, ambayo juu ya boksi lake ina picha ya Napoleon, na Nintendo bado inaitengeneza hadi sasa. Ni kitu halisi na kipya, na ni cha bei nafuu ukilinganisha na vitu vingine vya wakusanyaji, kwa hiyo huna haja ya kumwogopa mlaghai. Kwa anayeanza sijui kitu bora kuliko hicho.

Baada ya karata, kitu cha pili ninachokupendekezea ni kichezeo kidogo cha mkononi kiitwacho Game & Watch, na hapa lazima nimtaje Gunpei Yokoi, ambaye kwa maoni yangu hajapewa heshima anayostahili miongoni mwetu, kwa kuwa kila mtu anamtaja Shigeru Miyamoto, mbunifu wa Mario. Yokoi aliajiriwa mwaka 1965 kutunza mashine za kiwanda cha karata. Katika muda wake wa mapumziko alijitengenezea mkono wa vijiti vilivyopishana, unaorefuka ukiubana na kufupika ukiuachia. Rais wa kampuni, Hiroshi Yamauchi, aliuona, akaamuru utengenezwe kama bidhaa, na mwaka 1966 ukauzwa kwa jina la Ultra Hand. Watu walinunua zaidi ya milioni moja. Fundi wa mashine akawa mbunifu wa vichezeo.

Msimamo wake ulikuwa kwamba mbunifu asikimbilie teknolojia mpya iliyo ghali, bali aichukue ile iliyokwisha kuzoeleka na kushuka bei, kisha aitafutie matumizi ambayo hakuna aliyeyafikiria. Inasimuliwa kwamba alimwona abiria ndani ya treni akiua muda kwa kubonyeza kikokotoo, na wazo likaanzia hapo. Game & Watch ya kwanza ilitoka mwaka 1980, ikiwa na kioo cha aina ile ile ya kikokotoo na betri ndogo za vifungo. Ukiishika mkononi na kuitega kidogo kwenye mwanga, utaona vivuli vya picha zote zilizomo, kila mkono na kila mpira mahali pake, vikisubiri kuwashwa. Hakuna kinachosogea, vinawaka na kuzimika kwa zamu, na jicho lako ndilo linaloona mwendo. Mwaka 1982 toleo la Donkey Kong, la rangi ya chungwa na lenye vioo viwili vinavyokunjwa kama kitabu, lilikuja na kitufe cha msalaba cha kuelekeza pande nne. Kitufe hicho kikaingia kwenye Famicom mwaka uliofuata, na kizazi chake kimo kwenye padi (vishikio vya kuchezea) karibu zote za leo, hata za kampuni pinzani.

Za asili zimepanda bei. Ukiona bei inakushinda, lipo toleo la mwaka 2020 lililotolewa kuadhimisha miaka 35 ya Super Mario Bros., lenye kioo cha rangi na betri ya kuchaji, na binafsi silidharau hata kidogo.

Ukishaingia kwenye Famicom yenyewe, tahadhari ya kwanza ni umeme. Japani hutumia volti 100, kwetu ni 230. Adapta ya Kijapani ukiichomeka moja kwa moja ukutani itaungua mara moja, na mimi niliunguza moja kwa sababu muuzaji aliniapia kwamba "inakubali umeme wote". Tafuta transfoma ya kushusha umeme kabla hujaufungua mzigo. Tahadhari ya pili ni televisheni: Famicom ya mwaka 1983 hutoa picha kwa njia ya antena, kwa chaneli za Kijapani, na televisheni nyingi za kwetu hazitaipata. Lipo toleo la Desemba 1993 linalotoa picha kwa waya za kawaida za rangi, na kwa mtu wa Afrika Mashariki hilo ndilo lenye usumbufu mdogo kuliko mengine. Lakini kwa kukaa kabatini na kutazamwa, ile ya kwanza nyekundu na nyeupe haina mfano. Padi zake mbili zimeungwa moja kwa moja na mtambo, na ile ya pili ina maikrofoni ndogo ambayo ukiipuliza au kuisemea, baadhi ya michezo huitikia. Iweke mbali na jua, kwa kuwa plastiki yake nyeupe hugeuka njano.

Na kuhusu bunduki ya bata, wengi huuliza kwa nini haifanyi kazi kwenye televisheni bapa. Ukivuta kifyatulio, kioo chote cha televisheni huwa cheusi kwa kitambo kidogo sana, kisha mahali penye bata huonekana mraba mweupe, na jicho lililo ndani ya mtutu huangalia kama limeuona mwanga huo kwa wakati wake. Televisheni ya kichogo huchora mwanga huo papo hapo. Televisheni bapa huchelewa, na mwanga wake ni wa namna nyingine. Ndiyo maana ninayo bado televisheni ya kichogo sebuleni, japo imechukua nafasi kubwa.

Kwenye kaseti za Game Boy, mtambo wa Nintendo wa kushikwa mkononi, ndipo penye ulaghai mwingi. Niliwahi kuuziwa tatu kwa mpigo na mfanyabiashara mmoja, zote za kughushi, na tangu hapo sinunui kabla ya kukagua. Karatasi ya juu ya kaseti halisi ina namba ndogo iliyogandamizwa juu yake, haikuchapwa kwa wino, na ukiipitishia ukucha unaihisi. Skrubu ya nyuma ina kichwa ambacho bisibisi ya kawaida haikifungui. Ukichungulia juu ya pini, utaona jina Nintendo limechapwa kwenye kibao cha saketi. Mtambo wenyewe, ambao Nintendo iliutoa Aprili 1989 ukitumia betri nne ndogo, angalia kwanza nyumba ya betri: kutu ya kijani ikiwa kidogo huondoka kwa pamba yenye siki, ikiwa imepanda hadi kwenye waya, mwachie mwenyewe.

Yokoi ndiye aliyeongoza kazi ya Game Boy pia. Alifariki kwa ajali ya barabarani Oktoba 1997, muda si mrefu baada ya kuacha kazi Nintendo, na hadi leo nikiishika mojawapo ninamkumbuka.

Ukijaliwa safari ya Japani, kiwanda cha zamani cha Ogura, mjini Uji, karibu na Kyoto, kimegeuzwa makumbusho ya kampuni tangu tarehe 2 Oktoba 2024. Tiketi hutolewa kwa bahati nasibu, hivyo uombe mapema. Ndani yake mgeni huweza kutengeneza hanafuda kwa mikono yake. Ofisi za zamani za kampuni, mjini Kyoto, sasa ni hoteli.

Mjomba wangu sasa ni mzee na macho yamepungua nguvu, kioo cha Game & Watch hakioni vizuri. Lakini zile hanafuda nilimpelekea, nikamfundisha miezi kwa miti tunayoijua, na huu ni mwezi wa tatu anacheza na majirani barazani. Karata ya Agosti, yenye mwezi mpevu na anga jekundu, ameibatiza jina la kopa. Ukiipata pakiti yako, niandikie hapa hapa, nitakueleza kanuni za kuhesabu pointi.