Muulize Fundi: Milango yangu iliyopinda inajinyoosha

SWALI: Mzee, salamu kutoka Nakuru. Mteja ameniagiza kabati la sebuleni lenye milango miwili iliyotokeza nje kama tumbo la mtungi. Kila mlango una upana wa sm 45, na katikati mbinuko ni sm 4.5. Niligundisha plaiwudi tatu za mm 6 juu ya kalibu, yaani umbo la kupindia, kwa gundi nyeupe, zikakaa muda wa saa tatu tu. Nilipofungua zilijinyoosha kidogo. Wiki moja baadaye nikapima tena: zaidi ya sm 1 imepotea. Shida ni plaiwudi?

JIBU: Plaiwudi haina kosa, fundi mwenzangu. Umeweka tabaka chache, kisha ukafanya haraka.

Kiasi ambacho mlango utajinyoosha sisi hukikadiria hivi. Zidisha idadi ya tabaka kwa yenyewe, halafu gawanya mbinuko kwa jibu hilo. Wewe una tatu, yaani 9, sm 4.5 kwa 9 ni mm 5. Hizo ungezipoteza hata ungefanya mengine yote sawasawa. Sasa chukua plaiwudi sita za mm 3. Unene ni uleule wa mm 18, lakini unagawanya kwa 36, na hasara inabaki mm 1 na kitu. Hiyo irudishe kwenye kalibu: ipinde zaidi kidogo, basi.

Zile milimita nyingine zimeliwa na gundi. Gundi nyeupe hata ikikauka huendelea kulegea ikivutwa, na mbao iliyopindwa haiachi kuvuta. Kwa kazi hii mimi hutumia gundi ya unga ya kuchanganya na maji, au epoksi mteja akiwa na pesa, na sifungui kabla ya saa 24.

Kabla ya kupaka chochote, pinda kila kipande kwa mikono. Utahisi upande mmoja unakubali na mwingine unagoma. Nyuzi za juu zisimame wima, kutoka chini ya mlango kwenda juu. Kata vipande vikubwa kuliko mlango kwa sm 2 kila upande, funika kalibu kwa nailoni, kisha anza kukaza katikati ukielekea kingoni. Klempu zikipungua, kanda za tyubu kuukuu za baiskeli hukaza vizuri ajabu.

Hapa Kisumu niliwahi kupaka gundi saa saba mchana. Kufika tabaka la tano, la kwanza lilikuwa limeshashika, na kazi nzima ikaenda jikoni kuwa kuni. Siku hizi naanza saa kumi na mbili asubuhi. Huko kwenu kuna baridi, una nafasi zaidi yangu.

Halafu, bei. Kalibu itakula muda kuliko mlango wenyewe. Iweke kwenye hesabu ya mteja tangu mwanzo, maana ukishamaliza hatakubali kuilipia.