Jibu: Pikipiki ikiwa juu ya trela, bima ya gari inailipia?

Mkuu, umeuliza kama bima ya gari linalovuta inailipia na pikipiki iliyo kwenye trela. Kwa kawaida hapana. Bima ya gari mara nyingi inabeba madhara ambayo trela itawafanyia watu wengine, mfano ikichomoka ikagonga gari la mtu, ila pikipiki yako pale juu inahesabiwa kama mzigo tu, na trela lenyewe nalo mara nyingi linataka bima yake.

Kwa hiyo kinachokuokoa ni bima ya pikipiki yenyewe, na iwe bima kubwa (ile inayolipa hata chombo chako mwenyewe), maana kama una thad pati tu (ile inayolipa madhara ya watu wengine peke yake) halafu pikipiki ikadondoka tenki likabonyea na hendeli ikapinda, hiyo imekula kwako. Hata ukiwa na bima kubwa soma yale maandishi madogo uone wanasemaje kuhusu chombo kikiwa kinasafirishwa, wengine wanakataa kulipa wakisema hukuifunga vizuri. Mwulize wakala akujibu kwa maandishi, maneno ya kwenye simu hayakusaidii siku ya madai.

Mimi kabla sijaondoka napiga picha mikanda yote minne, ile ya mbele nimeikaza mpaka shokapu zimeshuka kidogo, halafu nikienda kilomita chache nasimama nakagua tena kwa sababu mikanda hulegea. Na ukilala njiani usiiache juu ya trela bila kufuli, wezi wanaondoka na vyote viwili