Treni ya matengenezo hupangwa karakanani, si handakini

Ukipewa zamu kwenye treni ya matengenezo ya reli za chini ya ardhi, kagua kwanza mpangilio wa mabehewa. Handakini hakuna pa kugeuzia wala kupishana. Behewa la vifaa likikaa kati ya kreni na behewa lililobeba reli mpya, mkono wa kreni hauzifikii reli, na hapo zamu imekwisha kabla haijaanza.

Umeme nao. London, vichwa vya treni hizi vina betri: husafiri kwa umeme wa reli, na mafundi wanapozimiwa umeme, huendelea kwa betri. New York hutumia sana dizeli, kwa hiyo moshi unapaswa kuhesabiwa. Huko reli ya tatu, ile inayoipa treni umeme, ina volti 625 za mkondo mnyoofu (DC), na kuambiwa kwa redio kwamba imezimwa hakutoshi. Pima mwenyewe, kisha funga waya wa usalama: upande mmoja kwenye reli ya magurudumu kwanza, halafu reli ya tatu. Kuufungua ni kinyume chake. Umeme ukirudishwa kwa bahati mbaya, waya huo ndio utakaoukatisha.

Behewa la kupimia njia ndilo wageni wa kazi hii hubishana nalo zaidi. Linasema reli imezama. Fundi anashuka na pimamaji, anakuta iko sawa, analaumu mashine. Tatizo ni kwamba yeye anapima reli isiyo na mzigo. Taruma, yaani gogo au zege la kukingama linalobeba reli, likiwa na uwazi chini yake hubaki limeinuka pamoja na reli mpaka magurudumu yapite juu. Angalia kokoto zilizolizunguka: zikiwa zimesagika na kutoa unga mweupe, taruma linacheza. Lakini upana wa njia, ambao kwa kawaida ni milimita 1,435, ukibadilika ghafla na kubaki hivyo safari nzima, usishike nyundo. Futa lenzi ya behewa hilo, vumbi la chuma la breki hung'ang'ania sana.

Treni ya kusaga reli hutoa cheche, basi behewa la kufyonza taka litangulie, na mtu mwenye maji abaki nyuma hata baada ya mawe ya kusagia kusimama. Karatasi iliyolowa grisi hufuka polepole kabla ya kuwaka.

Wakati wa kuondoka, panda uishike pini inayofunga mkono wa kreni. Ukiwa chini, pini iliyoingia nusu huonekana kama imefika mwisho.