Muulize Msusi: Nywele zangu zimekwama kidevuni

SWALI: Shikamoo shangazi. Nilimaliza Senior Six mwishoni mwa 2022 na tangu hapo sijanyoa. Shuleni tulikatwa miaka yote, kwa hiyo hizi ndizo nywele zangu za kwanza za ukubwani. Sijazitia dawa. Mwanzoni ziliota vizuri, lakini sasa nikizivuta zinafika kidevuni, na mwaka mzima haziendi mbele. Rafiki yangu akaniambia nizibane fundo, nisiziguse mpaka zifike mabegani. Nimeanza, ila pembeni mwa paji la uso vimetoka vipele na panawasha. Niendelee?
Binti wa Jinja

JIBU: Marahaba, mwanangu. Kabla hujafika mwisho wa jibu hili, lifungue hilo fundo. Vipele na muwasho wa pembeni vinakuambia nywele zinavutwa kutoka shinani, na hapo mbele, kuelekea masikioni, ndipo nywele zilipo nyembamba kuliko kwingine kichwani. Ukiacha kuvuta sasa zitarudi, ingawa itachukua miezi. Ukiendelea kwa miaka, tundu la unywele hufanya kovu, na penye kovu hapaoti tena. Hapa Kibuli, Kampala, hukalia kiti changu akina mama ambao nywele za nyuma zinagusa mgongo, lakini mbele zimekimbia hadi karibu na utosi. Hao sina mafuta ya kuwapa wala mtindo wa kuwarudishia, na kila mara huniuma. Wote walianza na vipele kama vyako, wakaambiwa wavumilie, urembo ni kazi. Mwanangu, nywele zikiuma hapo si urembo tena.

Sasa tuje kwenye urefu. Nywele zako hazijaacha kuota. Kipilipili chetu huota takriban sentimita 1 kwa mwezi, kwa wengine pungufu kidogo. Ungekuwa umetia rangi ungeona weusi mpya ukitokeza shinani. Kinachotokea ni kwamba zinaota juu na kukatika nchani kwa mwendo uleule, ndiyo maana zinaonekana zimesimama. Hebu fikiria: ncha ya unywele wa sentimita 20 ilitoka kichwani mwako karibu miaka miwili iliyopita. Tangu siku hiyo imepita chini ya chanuo, imepigwa na jua na vumbi la barabarani, imesuguana na kola ya shati mchana na mto usiku. Na mafuta ambayo ngozi ya kichwa hutoa yenyewe hayashuki mpaka huko, kwa kuwa unywele wetu umejikunja njia nzima. Kwa hiyo ncha inakauka, inapasuka, inakatika.

Fundo linakusaidia hapo tu: linazificha ncha zisisuguliwe. Halioteshi nywele, na anayekuambia linaotesha anakudanganya. Na kwa vile kazi yake ni kuficha ncha, halina sababu yoyote ya kukazwa pembeni. Unaweza kupata faida yote ya fundo likiwa legelege.

Mimi nalifanya hivi. Siku ya kuosha, gawa nywele mafungu manne. Zikiwa zimelowa kondishona zichambue kwa vidole kwanza, halafu chanuo lenye meno mapana, ukianzia nchani na kupanda. Suuza, paka losheni ya nywele, kisha ncha peke yake uzipake mafuta mazito. Sijaona ya kushinda moo yaa, yaani mafuta ya shea, ya Lango na Acholi. Shea ya kaskazini mwetu ni laini kuliko ile ya Afrika Magharibi, inayeyuka kiganjani upesi, na haihitaji kusuguliwa kwa nguvu. Iliyokamuliwa kienyeji huwa na harufu ya moshi kidogo, usiiogope. Kidogo tu kinatosha, cha kutelezesha ncha. Ukizijaza mafuta zitavuta vumbi.

Kisha subiri zikauke. Wasichana wengi huruka hatua hii. Kipilipili kikilowa hurefuka, kikikauka hujikunja na kurudi. Ukizibana zikiwa majimaji, unaliacha fundo likiwa sawa asubuhi, saa sita limejikaza lenyewe, na jioni kichwa kinauma wala hujui kwa nini. Unywele uliolowa pia ni dhaifu, ukivutwa unakatika kwa urahisi.

Rababendi ya kufungia noti isiguse kichwa chako. Chukua soksi ndefu ya kike iliyokwisha kutoboka, kata pete ya upana wa vidole viwili, izungushe mara moja au mbili. Sokota mkia, uzungushe, ncha uziingize chini katikati zisionekane, na ubane kwa pini zilizopinda kama herufi U. Pini iliyopoteza kile kijipira cha mwisho itupe, inachana. Ukimaliza inua nyusi, kisha tafuna kama unayekula. Ukihisi ngozi ya pembeni inavutika, legeza. Na tafadhali, jeli na brashi za kulaza malaika za pembeni kila asubuhi ziweke kando. Jeli inakauka ngumu, kesho yake unaipigia brashi ikiwa kavu, na zile nywele changa ndizo zinazoondoka nayo.

Usilibane mahali pamoja kila siku. Pale pete inapokaa pakichoka utaona mkanda wa nywele zilizokatika katikati, na huo ni mbaya kuliko ncha zilizopasuka, maana utapoteza urefu wote ulio mbele yake. Leo liwe kisogoni, kesho kutwa lipande kidogo, wiki ijayo yawe mawili pembeni.

Rafiki yako anakutakia mema, lakini hilo la kutozigusa mpaka zifike mabegani nalikataa kabisa. Kila mtu hupoteza nywele kati ya 50 na 100 kwa siku, ni kawaida ya mwili. Fundo lisipofunguliwa, hizo zilizong'oka hunaswa ndani na kujifunga kwenye zilizo hai. Siku ya kufungua utakuta zimeshikana, na utaziharibu zote kwa chanuo. Fungua kila usiku, sokota misokoto mikubwa minne au mitano, vaa kofia ya satini. Kitambaa cha satini utakipata kwa mita Kiyembe ukija Kampala, fundi yeyote wa mtaani kwako atakushonea. Osha kila baada ya wiki moja au mbili.

Ncha zilizokwisha kupasuka zikate. Najua uchungu wa kukata baada ya kungoja tangu shule, lakini mpasuko haushikani tena, unapanda juu. Punguza sentimita 1 au 2, uanze na ncha nzima.

Na kwa sasa, hata hilo fundo legelege lisubiri. Ziache huru au zisokote tu mpaka vipele viishe na muwasho utulie. Vikitoa usaha, au ukiona sehemu imeanza kuwa wazi, nenda kwa daktari wa ngozi, usinunue njiani dawa ya kupaka.

SWALI: Shangazi, naenda kazini Nakasero kwa boda. Helmeti haiingii juu ya fundo langu, kwa hiyo naishika mkononi. Nifanye mtindo gani?
Mfanyakazi, Ntinda

JIBU: Vaa helmeti, dada yangu. Nimeuguza ndugu aliyeanguka na boda, sitaki kuandika zaidi ya hapo. Nyumbani suka twende kilioni nne au sita nene, zisizobanwa mbele, mikia yake uilaze kisogoni chini kabisa kwa pini, au uiache ndani ya kola. Funga kitambaa chembamba cha satini juu yake, ndipo helmeti. Kitambaa kinazuia msuguano, na pia jasho la abiria waliokutangulia. Ukifika ofisini, mikia unaizungusha fundo kwa dakika mbili chooni. Lile fundo la kununua la kuchomeka juu ya nywele sikushauri kulivaa kila siku, lina uzito na linaning'inia kwenye nywele chache.

SWALI: Assalam alaykum. Mimi ni Mnubi wa Arua, navaa mtandio tangu utotoni. Nywele nabana zikiwa na maji baada ya kuoga, na jioni zinanuka. Pia mbele zimeanza kupungua. Bibi yangu anasema nirudi kwenye nywele za uzi. Ni kweli zinasaidia?
Mama wa watoto watatu

JIBU: Wa alaykum salaam, mama. Harufu inatokana na unyevu uliofungiwa. Ukioga usiku, ngoja zikauke kabla ya kulala. Ukioga asubuhi, vaa kofia ya kuogea na nywele usizilowanishe. Kule mbele angalia kile kitambaa cha ndani cha pamba. Kinanyonya mafuta na kusugua mstari uleule siku nzima. Shona cha satini, kipana, kisicho na raba, na kibanio kikubwa cha kuinulia mtandio kiache mpaka mbele pajae.

Bibi yako msikilize. Uzi unanyoosha nywele bila moto wa pasi, ncha zinafungwa ndani kabisa, na chini ya mtandio hakuna mtindo unaolala vizuri kama huo. Tumia uzi laini, paka moo yaa kabla ya kuzungushia, na anza kukaza sentimita 1 kutoka kwenye ngozi, shinani uzi upite tu bila kuvuta. Zikae wiki moja au mbili, kisha fumua, uoshe, uzipumzishe siku kadhaa kabla ya kufunga tena.