Maswali ya wasomaji: Jengo letu litaingiaje kwenye orodha ya kaunti?

Mwezi huu maswali mengi yametoka Lamu, na karibu yote yanahusu majengo ya umma: nani huyapanga, hela hutoka mfuko gani, na kwa nini mengine hubaki kuta tupu. Tumechagua sita.

Assalamu aleikum. Kijijini kwetu kisiwani Pate kuna zahanati ya vyumba viwili. Mama akishikwa na uchungu usiku hutiwa kwenye mashua. Miaka mitatu tumesema mikutanoni kwamba twataka wodi ya uzazi. Kila mwaka tunaandikwa, kila mwaka hatumo. Tunakosea wapi? — Msomaji, Pate

Waaleikum salaam. Haja yenu haina ubishi, ila haja peke yake haiingii kwenye bajeti. Kinachoingia ni mradi, na mradi una karatasi zake. Tena mnafika karamu imeshaandaliwa. Makadirio ya bajeti yanatakiwa kuwa mbele ya bunge la kaunti kufikia 30 Aprili. Baada ya hapo wawakilishi wakitaka kuongeza mradi, Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012 inawataka wapunguze kiasi hicho hicho kwingine. Nani atakubali wadi yake ikatwe mwezi Mei?

Rudini nyuma kwenye kalenda. Mwaka wa fedha huanza 1 Julai. Mpango wa maendeleo wa mwaka huo hufikishwa bungeni kufikia 1 Septemba ya mwaka uliotangulia, yaani miezi kumi kabla, na humo ndimo miradi hutajwa kwa jina na mahali. Kufikia 28 Februari huja waraka wa mkakati wa fedha, unaoweka kikomo cha kila idara. Mradi ambao haukutajwa Septemba, katika idara ambayo Februari haikupewa nafasi, hauokolewi na makofi ya mkutano. Pelekeni maombi yenu Juni au Julai. Kabla ya hapo, angalieni kama yamo kwenye mpango wa kaunti wa miaka mitano, ule wa 2023 hadi 2027 unaojulikana kama CIDP, kwa sababu Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 hairuhusu fedha za umma zitengwe nje ya mipango iliyopitishwa.

Maombi yenyewe yawe ukurasa mmoja, mbili zikizidi. Msiandike "wananchi wanateseka". Fungueni daftari la zahanati mhesabu: wajawazito wangapi waliandikishwa miezi 12 iliyopita, wangapi walijifungulia hapo, wangapi walipelekwa kwingine, na safari huchukua saa ngapi bahari ikiwa shwari na ikiwa imechafuka kwa kusi. Andikeni wauguzi ni wangapi sasa na wangapi watahitajika ili zamu ya usiku isikose mtu. Elezeni maji yatatoka wapi. Paa la mita za mraba 200 hukusanya karibu lita 160 kwa kila milimita moja ya mvua, ukishatoa kinachopotea, kwa hiyo jabia au tangi liandikwe ndani ya mradi tangu mwanzo, lisiachwe kuombwa baadaye.

Kisha kiwanja. Hapa ndipo maombi mengi ya Lamu hufia. "Mzee alitupa" si hati. Msingi ukianza kuchimbwa warithi hutokea na kazi husimama. Aliyetoa ardhi aandike, warithi wake wakubali kwa maandishi, ipimwe, ihamishwe rasmi kwa kaunti. Kama ni ardhi ya wakfu, haiuzwi, haitolewi zawadi tena wala hairithiwi, basi tafuteni kwanza kibali cha maandishi cha Tume ya Wakfu. Mkipeleka barua ofisini, bebeni nakala mbili, na ile ya kwenu igongwe mhuri wa kupokelewa wenye tarehe. Bila mhuri huo, mwakani mtaambiwa hamkuleta kitu.

Mimi ni mjumbe wa kamati ya maendeleo ya wadi. Kila mwaka ubishi ni ule ule: wadi zetu kumi zigawane sawa, au zipangwe kwa haja? Tukigawana sawa kuna amani, lakini majengo hayaishi. — Mjumbe, Hindi

Mjumbe, chukua mfano wa hesabu. Tuseme kaunti ina shilingi milioni 100 za majengo kila mwaka kwa miaka mitano, na zahanati kamili inagharimu milioni 25. Mkigawana sawa, kila wadi hupata milioni 10 kwa mwaka. Mwaka wa kwanza unaisha mko kwenye kuta. Wa pili unaisha na majengo kumi, mengine yana paa, mengine hayana milango. Hakuna hata moja linalomhudumia mgonjwa mpaka katikati ya mwaka wa tatu. Sasa jengeni manne kamili kila mwaka. Ndani ya miaka mitano mtakuwa na 20, mawili kwa kila wadi, sawasawa na mngeyapata kwa kugawana, lakini manne ya kwanza yanafanya kazi tangu mwaka wa kwanza. Tena hesabu hii bado haijaingiza kupanda kwa bei, wala chuma kinacholiwa na kutu huku ukuta ukingojea fungu la mwakani. Bandu bandu huisha gogo.

Kwa hiyo usawa utafutwe ndani ya miaka mitano. Amani itapatikana ikiwa zamu zimeandikwa, zimetiwa sahihi na kubandikwa ukutani katika ofisi ya kila wadi. Mwakilishi anayejua kwamba zamu yake ni mwaka wa tatu, na kwamba hakuna atakayemruka, ana la kuwaambia watu wake.

Kuzipanga zamu kunataka alama, na alama zikubaliwe kabla ya kuona majina ya miradi. Kwanza kuwe na mlango ambao asiyekidhi hapiti: je, ni kazi ya kaunti, imo kwenye mpango wa miaka mitano, kiwanja kina karatasi? Inayopita ndiyo ipewe alama. Sisi tungegawa 100 hivi: hali na hatari ya huduma iliyopo 30, umbali na ugumu wa kufika kwingine 25, uhakika wa wafanyakazi na gharama za kuendesha 25, idadi ya watakaohudumiwa 20. Msiipe idadi ya watu alama nyingi kuliko hizo. Wadi ya Basuba ina watu wachache waliotawanyika. Ukipima kwa vichwa tu haitashinda hata siku moja, na mama wa Basuba ni raia kama wa Mkomani.

Zile 25 za gharama za kuendesha msizipunguze kamwe. Fungu la maendeleo hujenga, halilipi mishahara. Kanuni za fedha za kaunti zinataka mishahara na marupurupu yasizidi asilimia 35 ya mapato yote ya kaunti. Kaunti iliyofika hapo haiwezi kuajiri, na zahanati mpya hufunguliwa kwa utepe kisha hufungwa kwa kufuli. Idara ya afya iandike barua kabla ya alama kutolewa: wauguzi wangapi, watatoka kituo gani, kuanzia lini.

Na miradi iliyokwama ihesabiwe kwanza, kabla ya mipya yoyote.

Je, twaweza kuomba maabara ya shule ya sekondari na ukumbi wa jamii kupitia Hazina ya Usawazishaji? Tunasikia Lamu imo. — Msomaji, Witu

Hazina hiyo ni mfuko wa serikali kuu kwa maeneo yaliyoachwa nyuma, na sera ndiyo huyataja maeneo yenyewe. Lamu ilikuwa miongoni mwa kaunti 14 zilizotajwa katika sera ya kwanza, ni kweli. Sera ya pili ikashuka hadi ngazi ya kata ndogo, kwa hiyo kwanza ulizia kama kata ndogo yenu imo. Lakini Ibara ya 204 ya Katiba imetaja huduma zenyewe: maji, barabara, vituo vya afya na umeme. Ukumbi haumo.

Maabara ya sekondari nayo si kazi ya kaunti. Jedwali la Nne la Katiba limeipa kaunti shule za chekechea, vyuo vya ufundi vya vijijini, vituo vya afya vya kaunti, masoko na huduma za zimamoto. Shule za msingi na sekondari ziko chini ya serikali kuu, na maombi yake hupitia wizara ya elimu na mfuko wa eneo bunge. Ukumbi ndio upelekeeni kaunti, ulipiwe kwa mgao wake wa kawaida.

Fungu jingine ni ruzuku zenye masharti, yaani fedha ambazo kaunti hupewa kwa kazi maalumu tu. Hizi haziombwi na kijiji, lakini zafaa kujulikana kwa sababu hula fedha za kaunti pia. Makao makuu ya kaunti pale Mokowe ni mfano: Lamu ni mojawapo ya kaunti tano, pamoja na Isiolo, Nyandarua, Tana River na Tharaka Nithi, zilizowekwa katika mpango wa serikali kuu wa kusaidia kujenga makao. Ruzuku ya namna hiyo inapotaka kaunti itie sehemu yake, sehemu hiyo hutoka kwenye kapu lile lile la zahanati. Mkiwa mkutanoni ulizeni mapema: mwaka huu kaunti inatakiwa kuchangia kiasi gani, na miradi gani imesogezwa?

Kwa nini jengo moja, ramani moja, lafaulu Mpeketoni na kukwama Kiunga? Sisi mafundi twaambiwa hatujui kazi. — Fundi, Kiunga

Fundi, mara nyingi kosa liko kwenye makadirio ya vifaa, yale mnayoyaita BQ, kwa kuwa yameandikwa kwa bei ya bara, ambako lori hufika hadi kiwanjani. Tazama sakafu moja tu ya mita 10 kwa 6, unene wa sentimita 15. Hiyo ni mita za ujazo 9. Kwa mchanganyiko wa saruji moja kwa mchanga mbili kwa kokoto nne hula karibu mifuko 60 ya saruji ya kilo 50. Kila mfuko hushuka kwenye lori gatini Mokowe, hupakiwa chomboni, hushushwa ufukoni, kisha hubebwa hadi kiwanjani. Kokoto nazo vivyo hivyo. Gharama hii isipopewa mstari wake, mkandarasi huitafuta kwenye saruji, na zege likapungua nguvu. Au huomba nyongeza, na Sheria ya Ununuzi wa Umma ya 2015 hairuhusu nyongeza zote pamoja zizidi asilimia 25 ya bei ya mkataba. Zikifika hapo, kazi husimama.

Pili ni majira. Fedha zikichelewa na zabuni ikachukua miezi, mkataba hutiwa sahihi wakati masika na kusi vinakuja. Bahari ya nje kuelekea Kiunga haichezewi wakati wa kusi. Vifaa vivuke wakati wa kaskazi, na mkataba uwe na kipengele cha kulipia vifaa vilivyofika kiwanjani. Saruji isivushwe yote mara moja: hata ikiwekwa juu ya mbao na mbali na ukuta, baada ya miezi mitatu nguvu yake imeshapungua, na hewa ya bahari huharakisha.

Tatu, mchanga wa ufukoni na maji ya kisima chenye chumvi visiguse zege lenye chuma. Chumvi huamsha kutu, kutu huvimba, zege hupasuka kufuata mstari wa chuma. Karibu na bahari acheni sentimita 5 za zege juu ya chuma, na vijiwe vya kushikilia nafasi hiyo vifinyangwe kwa saruji, msitumie vipande vya mti.

Ofisi ya umma ndani ya Mji wa Kale yaweza kukarabatiwa kwa saruji ili idumu? — Mkaazi, Mkomani

Hapana. Mji wa Kale ni Urithi wa Dunia tangu 2001, na kazi yoyote humo huanza kwa idhini ya Makumbusho ya Taifa pamoja na ya mipango ya kaunti. Sababu ya kifundi ni nzito vilevile. Ukuta wa mawe ya matumbawe hupumua. Ukiupaka saruji, unyevu hunaswa ndani, chumvi hukauka nyuma ya plasta na kuibandua vipande vipande, na ncha za boriti zilizo ukutani huoza. Tumieni chokaa, na makadirio yataje chokaa na boriti kwa jina. Yakiandikwa "plasta" tu, mkandarasi ataleta saruji.

Kuna jengo la chekechea lililosimama kwenye mkanda wa juu ya madirisha miaka minne. Twataka lirudi kwenye orodha. Tuanzie wapi? — Kamati ya wazazi, Faza

Anzeni kwa kuuliza, kwa maandishi. Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inaipa ofisi siku 21 kujibu. Ulizeni mambo manne: bei ya mkataba, kiasi kilicholipwa, kama mkataba ule umevunjwa rasmi, na kama fedha za mkandarasi zilizozuiliwa kuwa dhamana ya kazi, kwa kawaida asilimia 10 ya kila malipo, bado zipo. Mkataba wa zamani ukiwa hai, mkandarasi mpya hawezi kuingia bila kesi, na hakuna atakayewaorodhesha.

Kisha ombeni mhandisi wa kaunti alipime jengo kama lilivyo leo. Vyuma vilivyoachwa vikichomoza juu ya nguzo vipigwe brashi ya waya. Kutu ikitoka vumbi, vyaweza kusafishwa vikaendelea. Ikitoka magamba na chuma kimekonda, kikatwe hadi penye uzima na kiunganishwe kingine kwa urefu atakaoupanga mhandisi. Agonge zege kwa nyundo: linalolia tupu libomolewe. Mwisho aandike thamani ya kazi iliyobaki kwa bei za leo, na nauli ya chombo ndani yake. Karatasi hiyo, pamoja na jibu la barua yenu, ifike idara ya elimu ya kaunti kabla ya mwisho wa Julai, nakala kwa mwakilishi wadi na kwa kamati ya bajeti ya bunge.