Barua kwa Mwanangu: Kikohozi cha Kubweka

Mwanangu mpenzi,

Ujumbe wako wa alfajiri nimeusoma. Unauliza kwa nini daktari amempa mjukuu wangu dozi moja tu ya kunywa ya deksamethasoni, dawa ya kushusha uvimbe, akawarudisha nyumbani bila antibayotiki, na ufanye nini kikohozi kile cha kubweka kikirudi usiku wa leo. Mwishoni umegusia kwamba wifi yako anataka mtoto afukizwe. Hilo ndilo nalijibu kwanza, maana haliwezi kungoja: usimfukize. Katika miaka yangu ya wodi ya watoto nimepokea waliounguzwa na maji ya kufukizia, na ngozi ya mtoto wa mwaka mmoja na nusu haihitaji muda mrefu kuungua. Tena mvuke umeshachunguzwa kwa watoto wenye ugonjwa huu na haukuonyesha nafuu ya maana. Mwambie wifi yako kwa upole, anakupendeni, lakini asiwashe jiko.

Alichonacho mtoto kinaitwa kurupu. Mara nyingi huletwa na virusi vya parainfluenza, ingawa virusi vingine vya mafua vinaweza, hata vya korona. Siku moja au mbili mtoto anatiririka makamasi kama kawaida, kisha sauti inakwaruza, na usiku ndipo anaamka akibweka. Huwapata zaidi walio kati ya miezi 6 na miaka 3, na sababu iko kwenye umbo la koo lao. Chini kidogo ya nyuzi za sauti, njia ya hewa imezungukwa na pete kamili ya gegedu, na pete hiyo haitanuki. Uvimbe ukitokea hapo hauna pa kwenda ila ndani. Piga hesabu mwenyewe: njia yenye upana wa milimita 4, kuta zikivimba milimita 1 kila upande, inabaki na upana wa 2, yaani nafasi ya kupitisha hewa imebaki robo. Uvimbe wa kiasi hicho hicho kwako wewe ungekukwaruza sauti tu, ukaenda kazini.

Ndiyo maana hamkupewa antibayotiki. Haziui virusi wala hazipunguzi uvimbe, na pengine zingemharisha bure. Dawa ya kikohozi nayo usinunue, kwa umri wake haina faida na inaweza kumdhuru. Kilichohitajika ni kushusha uvimbe, na hiyo ndiyo kazi ya deksamethasoni. Huanza kusaidia ndani ya saa chache na nguvu yake huendelea kupita siku nzima, kwa hiyo dozi moja kwa kawaida inatosha. Daktari wako hakuwa mvivu. Mimi ningefanya vivyo hivyo.

Sasa usiku wa leo. Najua kule kubweka kunatisha, lakini hatari haipimwi kwa ukubwa wa kikohozi. Sikiliza pumzi inapoingia. Mtoto akiwa ametulia, halii, hachezi, je, unasikia mlio mkali kila anapovuta hewa? Mlio unaotokea akilia au akikimbia tu, kisha ukapotea akitulia, unaweza kuuangalia nyumbani. Ukiendelea kuusikia amepumzika mikononi mwako, nenda hospitali. Mvue shati utazame kifua: nyama ya katikati ya mbavu na kishimo kilicho chini ya koo vikididimia kila pumzi, usingoje asubuhi. Vivyo hivyo akishindwa kunywa, akilegea, akihangaika bila kutulizika, au ulimi na fizi zikigeuka rangi ya kijivu au buluu. Tena kuna jambo moja linalowadanganya wazazi wengi. Mlio ukififia huku mtoto anazidi kuchoka na kusinzia, hiyo si nafuu, ni kwamba hana tena nguvu ya kuvuta hewa.

Akiamka akibweka, jambo la kwanza ni wewe kutulia, hata kama ni kwa kujifanya. Kulia kunamfanya avute hewa kwa nguvu, na njia iliyovimba hubana zaidi. Mpakate akiwa wima, kwa mkao anaoutaka mwenyewe, umwimbie chochote. Kama nje kuna baridi, mfunike vizuri utoke naye kidogo. Utafiti uliofanywa Uswisi na kuchapishwa 2023 ulionyesha kwamba watoto waliopewa deksamethasoni kisha wakakaa nje kwenye baridi nusu saa walipata nafuu upesi kuliko waliobaki ndani. Akiwa na homa mpe parasetamoli kulingana na uzito wake. Aspirini kamwe.

Usimchungulie koo kwa kijiko. Hili nalitilia mkazo kwa sababu ya ugonjwa mwingine, wa kuvimba kidakatonge, yaani kile kifuniko cha njia ya hewa kooni, ambao chanjo ya Hib (bakteria anayeuleta mara nyingi) imeufanya kuwa adimu. Mtoto mwenye ugonjwa huo habweki. Ana homa kali, anatokwa na udenda kwa kushindwa kumeza, anakaa ameinama mbele akitafuta hewa. Ukimgusa koo, njia inaweza kuziba kabisa. Hebu itazame kadi yake ya kliniki kama chanjo zote zimekamilika. Na mtoto aliyekuwa mzima akicheza, hana mafua, ghafla akaanza kupumua kwa mlio, huyo fikiria amepaliwa na kitu.

Mkilazimika kurudi hospitali, huenda wakampa adrenalini ya kuvuta kwa nebulaiza, mashine inayogeuza dawa kuwa ukungu wa kuvuta. Atachangamka mara moja na wewe utataka kwenda zako. Kaa. Nguvu ya dawa hiyo huisha baada ya saa 2 hivi na uvimbe unaweza kurudi, ndiyo maana watataka kumwangalia kwa saa kadhaa.

Usiku wa pili au wa tatu unaweza kufanana na huu uliopita, kisha kubweka kunageuka kikohozi cha kawaida, na ndani ya wiki kimeisha. Dada yake akiambukizwa, kwa umri wake huenda yakawa mafua tu. Nawisheni mikono, msichangie vikombe. Watoto wengine hurudiwa na kurupu kila wakipata mafua mpaka koo likue. Ikimrudia mara nyingi, mwombe daktari aichunguze njia ya hewa yenyewe.

Simu yangu nitaiacha na sauti. Ila ukiona dalili ya kwenda hospitali, nenda kwanza, utanipigia mkiwa njiani.

Mama yako