Wadogo zetu wa pikapu, fyuzi kwanza

Tumeona tena kwenye pikapu iliyofungwa kibanda cha kulala safarini: kabati limepigwa msasa likang'aa, taa zimepangwa kwa ustadi, halafu nyuma ya ubao kuna waya mwembamba uliopitishwa chini ya gari bila fyuzi mbele. Kazi ya mikono ni safi, ndiyo maana inauma. Jamani, someni kwanza kabla hamjanunua taa nyingine.

1. Uzito. Tafuta kibandiko cha gari kinachotaja kilo linazoruhusiwa kubeba, kisha punguza humo uzito wa kibanda, watu, vyombo na maji. Lita moja ya maji ni kilo moja. Plaiwudi ya milimita 18 ikiwa karatasi nzima huelekea kilo 30 na kupita. Ya milimita 12 inatosha kwa kitanda ukiiwekea mbao za kuegemea. Tangi la maji na betri zikae mbele ya ekseli ya nyuma, maana zikisogezwa hadi mlangoni tairi za mbele hupungukiwa uzito na usukani hupoteza nguvu ya kushika barabara.

2. Matundu. Kufunga kibanda, tumia kwanza matundu ya bolti yaliyokuja na gari. Ukitoboa, paka ukingo rangi ya kuzuia kutu kabla bolti haijaingia. Viungo vya paa vizibwe kwa utepe wa butili (mpira laini unaonata), si silikoni. Silikoni ikishaachia, hata silikoni mpya haishiki juu ya mabaki yake.

3. Betri ya pili, ile ya taa na vifaa vya kibandani. Hapa tukae, kwa sababu kosa hili limepita mikononi mwa wengi waliotangulia na bado linarudi vilevile.

Mtu anavuta waya kutoka betri ya mbele hadi nyuma, anafunga fyuzi moja karibu na betri ya pili, anaridhika kwamba vifaa vyake viko salama. Lakini fyuzi hailindi kifaa, inalinda waya. Waya ule unalala juu ya chasi, gari linatikisika, ncha kali ya bati inakula ganda kidogo kidogo. Siku shaba inapogusa chuma, umeme unatoka betri ya mbele, unaingia kwenye chasi na kurudi ulikotoka. Haupiti nyuma kabisa, kwa hiyo fyuzi ya nyuma haijui lolote. Betri ya kuwashia injini inaweza kumwaga mamia ya ampea, na waya unawaka mwekundu kandokando ya bomba la mafuta. Betri zote mbili ni chanzo cha umeme, basi fyuzi ni mbili: moja kila upande, ndani ya sentimita 20 kutoka kwenye nguzo chanya. Kebo ivalishwe bomba la plastiki mwanzo hadi mwisho, na kila inapopenya bati pawekwe mpira.

Unene nao una hesabu yake. Chaja ya ampea 30 inayofungwa kati ya betri hizo mbili, ili ya mbele iichaji ya nyuma, huvuta karibu ampea 40 kutoka mbele, kwa kuwa inapandisha volti na kupoteza kidogo kama joto. Kwa mita 5 kwenda na 5 kurudi, kebo ya shaba ya milimita 6 za mraba inapoteza zaidi ya volti 1 njiani. Ya milimita 16 za mraba inapoteza chini ya nusu volti. Ukubwa wa fyuzi ufuate kitabu cha chaja, usizidi uwezo wa kebo. Ukirudisha upande hasi kupitia chasi, pale kebo inapofungwa kwangua rangi mpaka chuma cheupe.

Na usiruke hiyo chaja ukiwa na betri ya lithiamu. Ikiunganishwa moja kwa moja hunyonya kila ambacho alteneta (jenereta ya injini) inaweza kutoa, na alteneta ikifanya hivyo injini ikizunguka polepole gari limesimama, huweza kuchemka mpaka kuungua. Lithiamu pia haichajiwi chini ya nyuzi 0, isipokuwa ina kipasha joto chake.

4. Hewa. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa, hivyo kabati la mtungi lifungwe lisipitishe hewa upande wa ndani, na liwe na tundu la kutokea nje kwenye sakafu yake. Godoro likae juu ya vipande vya mbao vyenye nafasi, la sivyo unyevu wa pumzi utaliozesha upande wa chini. Kengele ya kaboni monoksidi ifungwe kabla ya jiko kuwashwa mara ya kwanza.